Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya shimo. Si mashimo ya barabarani. Hayo tumekwisha kuyasema mpaka yenyewe yametuchoka. Shimo ninalolisema lina upana wa milimita 3.5, nalo liko ubavuni mwa kompyuta. Ni lile tundu tunalochomeka spika za masikioni. Likiharibika, wengi wetu tunasonya, tunatikisa waya mara mbili tatu, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwezi uliopita, nilipoliona tundu hilo likitaka kumnyima mtu shahada yake.

Jirani yangu ana binti asiyeona. Yuko mwaka wa mwisho chuoni. Anasoma na kuandika kwa laptopu, kwa msaada wa programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye kioo: herufi anazobonyeza, majina ya mafaili, kurasa nzima za vitabu. Jioni moja nilimkuta akiandika huku mwanga wa kioo ameuzima kabisa ili betri isiishe upesi. Nikamwuliza kama hapati tabu kuandika bila mwanga. Akacheka, akaniambia, "Baba, mwanga wa nini tena?" Nikaona haya.

Kwetu sisi tunaoona, kompyuta iliyopoteza sauti ni kompyuta yenye kasoro. Kwake yeye ni sanduku.

Basi, siku nne kabla ya kukabidhi ripoti yake ya utafiti, mdogo wake alijikwaa kwenye waya wa spika za masikioni. Plagi ikavutwa kwa upande, na vyuma vidogo vilivyomo ndani ya tundu vikapinda. Mle ndani mna kiswichi kinachoiarifu kompyuta kwamba plagi imeingia, ili spika zake zinyamaze. Kiswichi kile kikabaki kimebonyea. Kompyuta ikaamini kwamba spika za masikioni bado zimo, ikazinyamazisha spika zake, na kwenye tundu nako hakikutoka kitu. Binti akabaki na mashine nzima, yenye kazi yake yote ndani, lakini bubu.

Tulikwenda kwa fundi mjini. Akaifungua, akaichungulia kwa tochi, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa ni mazabodi," akasema.

"Kwa tundu tu?"

"Tundu limechomelewa kwenye bodi, mzee wangu. Na bodi ya aina hii mpaka niiagize. Wiki mbili, pengine tatu."

Akataja bei. Ilikaribia nusu ya bei ya laptopu yenyewe. Binti alikuwa amesimama kando yangu, mkono juu ya begi lake, hasemi neno. Fedha pengine zingechangwa. Lakini wiki mbili hazikuwamo ndani ya siku nne.

Tuliporudi nyumbani nikaeleza mkasa mezani. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu ambaye nimezoea kumgombeza kwa kupenda gemu, akasikiliza, kisha akasema, "Anko, subiri." Akaingia chumbani kwake, akatoka na kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja kina plagi ya USB kama flashi. Upande wa pili kina matundu mawili, moja la spika za masikioni na jingine la maikrofoni. Alikuwa akikitumia kwenye mashine yake ya gemu, kwa sababu tundu la padi yake lilikwisha kulegea kwa kuvutwavutwa, na mama mwenye nyumba hataki kusikia milio ya bunduki saa nne za usiku.

Tukavuka uani kwa jirani. Kijana akakichomeka kidude kile kwenye laptopu ya binti. Hakuweka programu yoyote, hakubonyeza chochote. Tukangoja kama sekunde tano hivi. Nilikuwa nikimtazama binti usoni, nikaona mabega yake yanashuka.

"Inaongea," akasema.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule nilikaa nikijiuliza swali moja. Kidude kilichotoka kwenye mashine ya gemu, ambacho laptopu ile haikuwahi kukutana nacho, kilipokewaje namna ile bila hata kuulizwa kwao ni wapi? Nimelifuatilia jibu, na jibu lenyewe ni historia ya zaidi ya miaka 40. Ni historia ya sauti iliyoanzia nje ya kompyuta, ikaingia ndani, ikafungiwa humo, halafu ikatoka tena.

Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na kispika kidogo kilichojua kulia tu. Kilitoa mlio mmoja kwa wakati mmoja, wa juu au wa chini, kama king'ora cha baiskeli. Mashine ile ilikuwa ya hesabu na barua za ofisini. Kuongea na kuimba havikuwamo katika bajeti yake.

Lakini kulikuwa na watu ambao kwao sauti ya kompyuta haikuwa anasa hata siku moja, nao ni wasioona. Mwaka 1984 kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilianza kuuza kasha lililoitwa DECtalk, ambalo liligeuza maandishi kuwa matamshi kwa kutumia utafiti wa mwanasayansi Dennis Klatt. Kasha lile lilikaa nje ya kompyuta, likaunganishwa kwa waya. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Ted Henter, aliyepoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978, alitoa programu ya kusoma kioo iitwayo JAWS. Miaka ile, mtu asiyeona aliyetaka kompyuta alilazimika kununua mashine mbili: moja ya kufikiri na nyingine ya kusema.

Wengine wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 1987 kampuni ya Covox ya jimbo la Oregon ilitoa kidude kilichochomekwa kwenye tundu la printa. Mle ndani hamkuwa na mambo makubwa, vipinga umeme vichache tu. Kompyuta ilituma namba kwa kasi kana kwamba inachapa ukurasa, na kidude kikazigeuza namba hizo kuwa umeme wa kutikisa spika. Yaani sauti ilichapwa kama barua. Nawaomba mkikumbuke kidude kile, kwa maana ndicho babu wa hiki kilichotuokoa uani kwa jirani.

Mwaka huo huo wa 1987, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, Martin Prével, aliyekuwa profesa wa muziki, alitoa kadi iliyoitwa AdLib. Hii iliingia ndani ya kompyuta. Ilikuwa na chipu ya Yamaha iliyoweza kupiga ala kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1988 gemu za kompyuta zikaanza kuitumia, na wachezaji waliozoea mlio wa king'ora wakasikia muziki. Naam, gemu hizi tunazowakataza watoto ndizo zilizolipia masomo ya sauti ya kompyuta. Ofisi hazikutaka kutoa fedha kwa ajili ya muziki. Wacheza gemu walitoa.

Sasa tuvuke bahari mpaka Singapore. Mwaka 1981 kijana mmoja, Sim Wong Hoo, pamoja na mwenzake wa shuleni Ng Kai Wa, walifungua duka dogo la kutengeneza kompyuta, wakaliita Creative. Sim alikuwa mpenzi wa kupuliza kinanda cha mdomo, na nia yake ilikuwa kompyuta iongee na kuimba. Kadi zake za mwanzo hazikununuliwa sana. Novemba 1989 akatoa kadi iitwayo Sound Blaster. Kadi hii ilipiga kila muziki ulioandikwa kwa ajili ya AdLib, ikaongeza uwezo wa kurekodi na kucheza sauti ya kweli kama ya mtu, kisha ikatiwa tundu la kuchomeka usukani wa gemu. Mnunuzi mwenye nafasi moja tu ndani ya kompyuta yake hakuwa na haja ya kufikiri mara mbili. Mwaka 1992 AdLib ilifilisika. Sim alifariki Januari 2023 akiwa na miaka 67, akiwa ametajirika kutokana na sauti.

Lakini wale waliotumia kadi zile wanakumbuka mateso yake. Kadi ilitaka kupangiwa anwani ndani ya mashine, namba ya mlango wa kugonga na njia ya kupitishia mizigo. Ulikaa na kijitabu unaandika 220, halafu 5, halafu 1, na ukikosea namba moja gemu linaganda au printa inagoma. Kila kadi ilikuja na draiva zake kwenye diski, na diski ikipotea, kadi ni pambo. Kila mtengenezaji alisema lugha ya kwao, na mnunuzi ndiye aliyelazimika kuwa mkalimani.

Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu ulioitwa AC'97, uliowawezesha watengenezaji kuweka chipu ya sauti ya bei nafuu moja kwa moja kwenye mazabodi. Ilikuwa neema. Kompyuta za kawaida zikaanza kuja na sauti bila kununua kadi, na wafanyabiashara wa kadi wakaanza kutafuta kazi nyingine. Lakini kila neema ina bili yake. Sauti ilipochomelewa kwenye mazabodi, tundu nalo likafungwa humo humo. Zamani kadi ikiharibika uliichomoa, ukaweka nyingine. Sasa tundu la milimita 3.5 likipinda, unaambiwa ununue bodi nzima. Kwa hiyo fundi yule hakutuongopea, ndugu wasikilizaji. Alituambia matokeo ya uamuzi uliofanywa mbali naye, zamani, na watu waliokuwa wakipunguza gharama.

Mlango wa kutokea ulikuwa umekwisha kuanza kuchongwa mahali pengine. Mwaka 1994 makampuni saba, yakiwamo Intel, IBM, Microsoft na NEC ya Japani, yalikaa pamoja kutafuta tundu moja la kuunganishia kila kitu. Kwa maana nyuma ya kompyuta za wakati ule kulikuwa na tundu la printa, tundu la kipanya, tundu la kibodi na tundu la gemu, na hakuna plagi iliyoingia kwa mwenzake. Mmoja wa wahandisi waliolivalia njuga jambo hilo ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Januari 1996 likatangazwa tundu la USB, na Intel ikaamua kutodai malipo ya hataza zake. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ikatoa kompyuta ya iMac iliyotupa matundu ya zamani na kutumia USB, na walimwengu wakaanza kufuata.

Hata hivyo tundu moja peke yake halitoshi. Watu wawili wanaweza kuketi mkeka mmoja wasielewane. Kilichohitajika ni lugha. Mwaka huo huo wa 1998 wenye USB walichapisha mkataba wa vifaa vya sauti. Mkataba unasema hivi kwa ufupi: kifaa chochote cha sauti kikichomekwa, kitajieleza chenyewe kwa maneno yaliyokubaliwa. Kitasema, mimi ni kifaa cha sauti, natoa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, napokea njia moja ya maikrofoni, na kasi ninazoziweza ni hizi. Mashine yoyote inayoujua mkataba ule itajibu karibu, na kazi itaanza. Hakuna diski, hakuna namba za kupanga. Zile sekunde tano tulizongoja uani kwa jirani zilikuwa ni kujitambulisha huko. Mgeni alitoa salamu ambayo mwenyeji alikwisha kufundishwa kuiitikia miaka mingi kabla hawajakutana.

Na baada ya salamu inakuwaje? Ndani ya kompyuta sauti ni namba tupu. Kwa kila sekunde moja kuna vipimo 48,000 vya kila upande, au 44,100 kama sauti imetoka kwenye CD. Namba hizo zinasafirishwa kwenye waya wa USB kama abiria wa daladala. Kila sehemu ya elfu moja ya sekunde basi linaondoka, lijae lisijae. Kwa sauti ya 48,000, kila basi linabeba vipimo 48 vya kila upande. Kwa sauti ya CD, mabasi tisa yanabeba 44 na la kumi linabeba 45, ili hesabu itimie. Na abiria akidondoka njiani, basi halirudi kumchukua, kwa sababu sauti iliyochelewa haina faida. Mwisho wa safari, chipu iliyomo ndani ya kidude inazigeuza namba kuwa umeme, na umeme unatikisa spika.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Sauti ya CD ni kama biti milioni 1.4 kwa sekunde, na USB ya mwaka 1998 iliweza kupitisha milioni 12. Ndiyo maana chipu ndogo inatosha, na ndiyo maana kidude kinauzwa kwa bei ya chipsi kuku. Tena kuna faida ya ziada. Mle ndani ya kompyuta mna makelele ya umeme yanayotoka kwenye feni, diski na chipu nyingine, nayo mara nyingi huvuja kwenye spika za masikioni kama mvumo wa nyuki. Kazi ya kugeuza namba ikifanyikia nje, mbali na zogo lile, mara nyingi mvumo hupungua. Ndiyo maana hata sisi wa redio tunapenda vifaa vya nje tunaporekodi.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na gemu zake, kwa maana kidude kilikuwa chake.

Mashine za gemu zililifungulia mlango tundu la USB mapema. PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000, ilikuwa na matundu mawili ya USB mbele yake. Mwaka 2002 gemu la kivita liitwalo SOCOM likauzwa Marekani pamoja na kisikilizio cha USB chenye maikrofoni, ili wachezaji wapeane amri kupitia mtandao. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikubali adapta za sauti za kawaida, na PlayStation 5 ya mwaka 2020 vilevile. Nintendo Switch ilipotoka Machi 2017 haikukubali. Oktoba mwaka huo huo ikapewa programu mpya, na tangu hapo ikazipokea. Kifaa kile kile, waya ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mwenyeji alifundishwa salamu.

Lakini si kila mwenyeji amekubali kufundishwa. Mashine za Xbox za kampuni ya Microsoft nazo zina matundu ya USB, ila kwa upande wa sauti zinataka kifaa kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya Xbox. Adapta ya kawaida ukiichomeka, mashine inaitazama tu. Lakini kampuni hiyo hiyo inatengeneza Windows, na Windows inaipokea adapta hiyo bila maswali. Kwa hiyo tatizo si ujuzi. Ni mwenye nyumba aliyeamua kwamba mlango huu wageni waingie kwa kadi ya mwaliko. Mchezaji anayebaki hapo anatumia tundu lililomo kwenye padi, au ananunua kifaa chenye alama ya Xbox kwa bei ya mwenye alama. Sisemi ni haramu. Nasema mnunuzi anastahili kulijua jambo hilo kabla hajatoa fedha mfukoni, si baada ya kufika nyumbani.

Na hata wale waliokubali mkataba huchelewa kukubali mpya. Mwaka 2006 ulitolewa mkataba wa pili wa sauti, wa kasi kubwa zaidi. Windows ilianza kuusoma wenyewe bila draiva ya nje mwaka 2017, yaani miaka 11 baadaye. Ndiyo maana utaviona vifaa vya bei kubwa vyenye kiswichi cha kuvirudisha kwenye mkataba wa 1998, ili mashine za gemu zivielewe. Hapo mtu anaweza kununua kifaa cha fedha nyingi kikakataliwa, na jirani yake akanunua cha bei ya chipsi kikapokewa. Ukubwa wa bei si ukubwa wa maelewano.

Basi, ndugu msikilizaji, ukienda Kariakoo au popote kutafuta kidude hiki, usiulize tu bei na rangi. Uliza kama kinafanya kazi bila kuweka draiva, maana huko ndiko kuufuata mkataba. Taja mashine utakayokichomeka, na kama ni ya gemu, itaje kwa jina. Kama unachukua kile chenye plagi ya USB nyembamba, ile ya simu za siku hizi, uliza kama kina chipu yake ndani. Viko vingine ambavyo ni waya mtupu, vinategemea chipu ya simu, na ukivipeleka kwenye kompyuta huenda visitoe hata mnong'ono. Halafu tazama plagi ya spika zako za masikioni. Ikiwa na mistari mitatu myeusi, spika na maikrofoni vimeunganishwa pamoja, na kwenye kidude cha matundu mawili maikrofoni haitasikika mpaka upate waya wa kuvigawanya. Mambo haya yanachukua dakika mbili dukani, na yanaokoa nauli ya kurudi.

Na nanyi mafundi, naomba nisikike vizuri. Siwalaumu. Lakini kabla ya kumtajia mteja bei ya mazabodi, mchomekeeni kwanza kidude hiki aone. Kama sauti inatoka, basi ugonjwa ni wa tundu au wa chipu ya sauti, na mwenye haraka anaweza kwenda zake na kazi yake ikaendelea. Fedha mtakayopata siku hiyo ni ndogo, lakini mteja huyo atarudi, tena ataleta na wenzake. Mteja aliyekatishwa tamaa hataleta mtu.

Iko sauti nyingine inayosema kwamba mambo haya ni ya vijana na michezo yao, na taifa lina mambo mazito zaidi. Nami nilipata kusema hivyo. Lakini tutazame vizuri. Fedha za wacheza gemu ndizo zilizokuza kadi za sauti. Kadi za sauti ndizo zilizoifanya kila kompyuta iweze kusema. Na kompyuta zilipoweza kusema zenyewe, mtu asiyeona aliacha kununua lile kasha la pili. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu ya kusoma kioo iitwayo NVDA, inayotolewa bure. Ndiyo anayoitumia binti wa jirani yangu. Ndani yake mna sauti ya Kiswahili pia. Hayo yote yasingemfaa kitu usiku ule kama pasingekuwa na mkataba uliomruhusu mgeni kuingia bila hodi ndefu.

Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliondoa kabisa tundu la milimita 3.5 kwenye simu ya iPhone 7, na makampuni mengine mengi ya simu yakafuata. Tundu lile limeanza kuzeeka, na huenda wajukuu zetu wasilijue. Sitalilia. Matundu huja na kupita. La kuliangalia kwa makini ni lile linalochukua nafasi yake: je, limeandikwa kwa lugha ya wote, au limefungwa kwa ufunguo wa mtu mmoja? Mwenye uwezo atanunua ufunguo. Yule mwenye siku nne na laptopu moja hana nafasi hiyo.

Binti alikabidhi ripoti yake kwa wakati. Siku iliyofuata alikuja kwangu, akaniamkia, akanyoosha mkono wenye kile kidude ili kirudi kwa mwenyewe. Mpwa wangu akakataa kukipokea.

"Dada, kaa nacho," akasema. "Mimi nitacheza bila sauti kwanza."

Sijapata kumsikia kijana yule akikubali kucheza bila sauti. Nilimnunulia kingine jioni ile ile, nikamwambia asizoee. Binti naye akanieleza kwamba ile sauti ya Kiswahili ya kwenye programu yake inazungumza kama Mzungu aliyeshuka jana bandarini.

"Lakini Baba," akasema, "siku ile iliporudi, niliona inazungumza Kiswahili safi kuliko watu wote."